Kuirudisha laptopu ilivyotoka kiwandani wakati PIN ameondoka nayo msaidizi

Mwenye Duka, Chikongola (Mtwara)

Ndugu zangu wanajukwaa, poleni na majukumu. Ninaendesha duka dogo la steshenari hapa Mtwara Mjini, eneo la Chikongola, ambako tunachapa barua, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti na kuwajazia watu maombi ya ajira na ya mikopo ya wanafunzi kwa njia ya mtandao. Chombo tunachokitegemea ni laptopu moja ya HP yenye Windows 11, ambayo niliinunua Kariakoo ikiwa mpya ndani ya boksi, na risiti yake ninayo. Siku ya kuiwasha kwa mara ya kwanza ilidai barua pepe, na kwa kuwa ya kwangu nilikuwa nimeisahau nywila, kijana niliyemwajiri akaweka ya kwake, kisha akaweka na PIN ya tarakimu sita. Sikuona tatizo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifungua duka saa mbili asubuhi, nami nikifika naikuta mashine iko wazi na kazi zinaendelea.

Mwezi uliopita tulipishana kauli kuhusu malipo ya siku za sikukuu, akaondoka bila kukabidhi chochote. Nasikia yuko Kilwa Masoko, na namba yake niliyo nayo haipatikani. Nimejaribu kila PIN niliyodhani angeiweka, ikiwemo tarehe yake ya kuzaliwa, mpaka mashine ikanitaka nichape A1B2C3 ndipo iniruhusu kujaribu tena, jambo lililonitia hofu nikidhani imeingiwa na virusi.

Ninachoomba ni maelekezo ya kuirudisha ilivyotoka kiwandani bila kuwa na PIN, ili niweke akaunti yangu na kuendelea na kazi, maana wateja wananipita wakienda kwa jirani. Jambo moja tu linanirudisha nyuma: pale kwenye uso wa kioo (desktop) kuna folda niliyomwelekeza aiite USIFUTE, na ndani yake zimo barua, wasifu wa wateja na picha zao za miaka miwili. Je, folda hiyo itabaki?

Kijana wa Mikindani

Shikamoo mama. Hilo ni jambo la dakika mbili. Ukiwa kwenye ukurasa wa kuweka PIN, bonyeza alama ya kuzimia iliyo pembeni chini, shikilia kitufe cha Shift bila kukiachia, kisha bofya "Restart". Itajiwasha na kukuletea ukurasa wa buluu. Chagua "Troubleshoot", halafu "Reset this PC", halafu "Remove everything". Haitakuuliza PIN wala kitu chochote. Nilifanya hivyo kwa laptopu ya dada yangu, na jioni yake tulikuwa tunaangalia tamthilia.

Fundi wa Lindi

Dada, habari za kazi. Njia aliyoieleza ndugu yetu wa Mikindani ni ya kweli, wala si ya kuvunja kufuli la mtu, kwa kuwa Microsoft wenyewe wameiweka kwa ajili ya mwenye mashine aliyekwama. Ila swali lako lilikuwa na mkia, na mkia huo hakuujibu. Folda ya USIFUTE haitabaki.

Ukifika hapo "Reset this PC" utakuta mambo mawili. La kwanza ni "Keep my files", ambalo huondoa programu na kuacha mafaili, lakini litakudai nywila ya akaunti ya msimamizi kabla ya kuanza, kwa hiyo kwako ni sawa na kurudi pale pale ulipokwama. La pili ni "Remove everything", ambalo kwa kawaida halidai nywila ya kuingilia kwa sababu haliachi kitu cha kulindwa. Ukilikubali, litakuuliza kama lichukue Windows mpya kutoka mtandaoni au litumie ile iliyomo ndani ya mashine. Ya mtandaoni inaweza kula zaidi ya GB 4, hivyo mwenye kutumia bando la simu achague ya ndani, na ile nyingine aiache kwa siku ambayo ya ndani imeharibika. Mwisho litauliza kama lifute tu au lisafishe diski nzima. Kusafisha diski nzima kunamfaa anayeuza au anayegawa mashine, kwa sababu kunafanya mafaili ya zamani yawe magumu kufufuliwa, lakini kwenye diski za zamani za kuzunguka kazi hiyo inaweza kukesha. Wewe huuzi.

Kwa wasomaji wengine ambao Windows yao haifiki hata kwenye ukurasa wa kuingia: kuizima mashine kwa kushikilia kitufe cha kuwashia mara mbili au tatu mfululizo, wakati alama ya kampuni inapotokea, huilazimisha kuleta ukurasa ule ule wa matengenezo. Watengenezaji nao wana njia zao za mkato. HP nyingi hupokea F11, Acer ni Alt pamoja na F10, Asus ni F9, na baadhi ya Lenovo zina kitundu kidogo ubavuni kinachobonyezwa kwa pini ya karatasi. Yote hayo yakishindikana, inatengenezwa fleshi ya kupandishia Windows kwenye kompyuta nyingine, kwa programu ya bure ya Microsoft na fleshi isiyopungua GB 8, kisha mashine inawashwa kutokea hapo. Huku mtaani tunaita kazi hiyo kupiga Windows, ingawa kinachopigwa mara nyingi ni mfuko wa mteja: laptopu iliyonunuliwa na Windows yake halali haihitaji kununuliwa leseni nyingine baada ya kufutwa, maana ikishaunganishwa na intaneti hutambuliwa yenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lako, na naomba unisome kwa utulivu. Kabla mtu hajafuta chochote, sharti ajue ni kufuli lipi linalomzuia, kwa sababu yako matatu na yanatofautiana kabisa. La kwanza ni la Windows, ambalo huja na picha, saa na jina la mtumiaji; hilo ndilo unalolieleza, na hilo kurudisha kiwandani kunaliondoa. La pili ni la BIOS (programu ndogo inayoiamsha mashine), ambalo hutokea kabla ya Windows kuanza, kwenye ukurasa mtupu wenye kisanduku kimoja cha nywila. Ukifuta Windows mara kumi litabaki pale pale, na mwenye nalo hana budi kwenda kwa mawakala wa mtengenezaji akiwa na risiti. La tatu ni la diski yenyewe. Maandishi yote yaliyomo huchanganywa kwa hesabu za siri kiasi kwamba hata ukiichomoa diski na kuichomeka kwingine huoni kitu. Windows huliita BitLocker, na ufunguo wake wa dharura ni tarakimu 48, zilizoandikwa katika mafungu manane ya tarakimu sita sita.

Kwenye mashine za zamani zisizo na kufuli hilo la tatu, kuokoa mafaili ya mtu aliyesahau nywila ni kazi nyepesi. Unafungua kifuniko cha chini, unachomoa diski, unaiweka kwenye kasha la USB na kuisoma kwenye kompyuta nyingine kama unavyosoma fleshi. Au unawasha mashine kwa Ubuntu, mfumo wa bure usio Windows, iliyo kwenye fleshi, unachagua kuijaribu na si kuipandisha, na mafaili yanaonekana. Lakini Windows 11 iliyoanzishwa kwa akaunti ya Microsoft mara nyingi huifunga diski kimyakimya siku ile ile ya kwanza, hata lile toleo la kawaida la nyumbani, na ufunguo wake huupeleka kwenye akaunti iliyotumika kuianzisha. Kwa maelezo yako, akaunti hiyo ni ya kijana. Hivyo ufunguo wa folda yako, ukihitajika, uko kwake Kilwa, hauko Chikongola.

Ushauri wangu ni kwamba usifute leo, na usimruhusu mtu yeyote aingie kwenye BIOS kubadilisha kitu. Mtafute kijana kwanza.

Mwalimu Mstaafu, Newala

Mwanangu, fundi amesema vizuri, nami niongeze upande ambao si wa vyuma.

Mashine ni yako, na risiti inakutetea. Kuirudisha kiwandani ni haki yako. Akaunti ya barua pepe, hata hivyo, ni ya kijana, na humo zinaweza kuwamo picha zake, mazungumzo yake na mambo ya nyumbani kwao. Wako watu watakaokushauri kuotea nywila ya barua pepe yake au kumlaghai akutumie namba za uthibitisho. Usithubutu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalitaja kosa la kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na kugombana kwenu kuhusu posho hakukupi ruhusa hiyo. Kwa upande wa pili, nakala za vitambulisho vya NIDA na wasifu wa wateja ni taarifa binafsi za watu waliokuamini, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, kumwachia diski fundi usiyemjua alale nayo kwake si jambo la kulichukulia kirahisi.

Kuhusu kumpata kijana, nikuulize: umekwenda kwa mjomba wake? Nimefundisha Newala na Tandahimba miaka mingi, na sijaona mtoto wa huku anayempuuza mjomba. Baba anaweza kusema asisikilizwe, lakini neno la mjomba lina uzito wake. Usiende na polisi wala na maneno makali. Nenda na ile posho mliyogombania, au hata nusu yake, ueleze kwamba wateja wanateseka.

Mwenye Duka, Chikongola (Mtwara)

Nawashukuru sana, na naomba radhi kwa kuwa kuna jambo sikulisema mwanzo. Nililiona aibu.

Kabla ya kuandika hapa nilikuwa nimeshampelekea fundi mmoja wa karibu na soko, aliyeniambia atapiga Windows kwa shilingi 30,000. Aliiwasha huku akibonyeza F10, ukaja ukurasa wenye maandishi mengi, akazima kitu fulani ili fleshi yake ikubali. Fleshi haikukubali. Tangu hapo mashine haifiki tena kwenye picha na jina la kijana, bali inaleta ukurasa wa buluu mtupu wenye mstari mmoja wa kujaza, unaodai tarakimu hizo hizo 48 alizozitaja fundi wa Lindi. Yule wa sokoni amesema dawa yake ni kununua diski mpya. Niliposoma maelezo ya hapa kuhusu kufuli la tatu nililiacha chakula mezani.

Kwa mjomba nitakwenda kesho baada ya sala ya adhuhuri. Anakaa Mikindani na tunafahamiana. Lakini je, folda imeshapotea?

Fundi wa Lindi

Haijapotea, dada, wala diski haijaharibika. Kufuli la BitLocker hujifungua lenyewe kila asubuhi bila wewe kujua, kwa kuwa kuna kijisanduku cha usalama ndani ya mashine kinachokagua kwamba hakuna kilichobadilishwa katika namna inavyowashwa. Fundi wa sokoni alizima "Secure Boot", yaani ulinzi unaohakiki kinachoiwasha mashine, kwa maana ndicho kinachozimwa na wote wenye fleshi za mtaani, na kijisanduku kikaona sura ngeni mlangoni kikakataa kutoa ufunguo. Mara nyingi ukirudisha kile kilichozimwa, nacho kinarudi katika hali yake.

Izime kabisa. Iwashe ukibonyeza F10 mfululizo mpaka ukurasa ule wa maandishi utokee. Tafuta "Secure Boot" kwenye sehemu ya mipangilio ya mfumo au ya kuwashia, uirudishe "Enabled", kisha hifadhi na utoke. HP huweza kukuonyesha tarakimu nne na kukutaka uzichape na kubonyeza Enter ili kuthibitisha kwamba ni binadamu aliyebadilisha. Zichape tu, wala si hizo 48. Kitu kingine usikiguse humo ndani. Na tafadhali iwe kwenye chaji, kwa sababu kukaa jirani na gesi ya Mnazi Bay hakujatuzuia kupata giza la ghafla.

Ukiona picha na jina la kijana vimerudi, umeshinda nusu. Nusu iliyobaki iko kwa mjomba.

Karani wa Ghala, Masasi

Naomba nichomekee kisa changu, kwa kuwa kinamhusu yeyote anayesoma hapa akidhani kurudisha kiwandani kunafungua kila laptopu. Msimu mmoja wa korosho, fedha za mnada zilipoingia, niliuziwa laptopu iliyotumika kwa karibu nusu ya bei ya dukani. Muuzaji akasema nywila ameisahau, niifute tu. Nikafuata hatua hizi hizi za Shift na "Restart", ikajifuta vizuri, ikajipanga upya, nami nikaanza kuiunganisha na intaneti ya simu. Hapo ndipo ulipotokea ukurasa wenye jina na nembo ya taasisi moja, ukinikaribisha kazini na kunitaka niweke barua pepe yangu ya utumishi.

Mimi si mtumishi wao. Niliifuta mara ya pili, mara ya tatu nikapiga Windows mpya kwa fleshi, na kila ilipogusa intaneti ilirudi pale pale kunikaribisha kazini. Baadaye nilielezwa kwamba taasisi huandikisha mashine zao kwa Microsoft kwa namba za utambulisho wa mashine yenyewe, na kwamba kumbukumbu hiyo haipo ndani ya diski hata ukaifute. Nilimrudishia muuzaji, akanipa sehemu tu ya fedha yangu, na sikuwa na nguvu ya kubishana kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameanza kujiuliza ile laptopu ilitoka wapi. Dada wa Chikongola ana risiti ya Kariakoo. Mimi nilikuwa na maneno ya mtu.

Kijana wa Mikindani

Nimejifunza, na namwomba mama radhi kwa haraka yangu. Swali dogo kwa fundi: ninayo kompyuta ndogo ya Chromebook niliyopewa na shangazi, nayo imefungwa kwa akaunti yake ambayo hata yeye haikumbuki. Shift na "Restart" haipo.

Fundi wa Lindi

Hiyo si Windows, kwa hiyo njia yake ni nyingine. Kwenye ukurasa wa kuingia bonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt, Shift na R, nayo itakuletea kazi inayoitwa "Powerwash", ambayo huifuta na kuirudisha mwanzo bila nywila. Kama shangazi aliipata kupitia shule au kazini, yatakukuta ya ndugu yetu wa Masasi. Nao wenye Mac za miaka ya karibuni wasijisumbue: hata baada ya kufuta, mashine iliyokuwa imeunganishwa na akaunti ya Apple ya mwenyewe inaweza kudai akaunti hiyo kabla ya kukubali kutumika.

Mwenye Duka, Chikongola (Mtwara)

Ndugu zangu, naleta taarifa.

"Secure Boot" niliirudisha jana usiku. Zile tarakimu nne zilikuja kama alivyosema fundi, nikazichapa huku mwanangu akinisomea moja moja kwa kuwa mikono ilikuwa inatetemeka, na mashine ilipowaka ikaleta picha ya kijana akiwa amevaa fulana ya duka langu. Sikutarajia kuifurahia sura ile.

Leo nilikwenda Mikindani. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha uji wa mtama, ndipo akapiga simu mbele yangu kwa namba mpya ambayo mimi sikuwa nayo. Kijana alipokea mara moja. Nilimweleza kwamba posho yake nimemwachia mjomba, naye akanitajia PIN bila hata kuombwa mara mbili. Nilirudi dukani mbio. Nilipoiweka, mashine ikajibu kwamba PIN haipatikani tena kwa sababu mipangilio ya usalama ya kifaa imebadilika.

Nimekaa naitazama. Nifanyeje?

Fundi wa Lindi

Hayo nayo ni matunda ya F10 ya sokoni, lakini ni kidonda kidogo. PIN huishi ndani ya mashine hiyo moja, tena kwenye kijisanduku kile kile kilichoshtuka. Nywila ya akaunti ya Microsoft huishi mtandaoni, na yenyewe ingali nzima. Kwa hiyo unachohitaji sasa ni intaneti kwenye ukurasa wa kuingia: pale pembeni chini ipo alama ya mtandao, washa hotspoti ya simu yako na uiunganishe. Kisha bofya palipoandikwa "I forgot my PIN" au pale panapokutaka kuweka PIN upya. Itadai nywila ya akaunti ya kijana au namba ya uthibitisho itakayotumwa kwenye simu au barua pepe aliyoiandikisha.

Fanyeni hilo mkiwa mnazungumza kwenye simu, na namba iingizwe muda huo huo. Ikiwa akaunti inatuma ujumbe kwenye laini yake ya zamani ambayo haipatikani, aiweke tena hiyo laini kwenye simu kwa dakika kumi. Asidanganywe kubadilisha taarifa zote za usalama za akaunti kwa pamoja, kwani Microsoft huweza kumweka kusubiri siku 30 kabla ya mabadiliko hayo kukubaliwa, na wewe hutaweza kusubiri siku 30 na duka limefungwa.

Mwalimu Mstaafu, Newala

Nami nikumbushe kwamba mkishaingia, mtakuwa ndani ya chumba cha kijana. Chukua kilicho cha duka, na chake kiache, au umuulize kama anataka umnakilie.

Mwenye Duka, Chikongola (Mtwara)

Tumeingia. Laini ya zamani ilikuwa ndani ya pochi yake, imefungwa kwa karatasi ya sigara. Akaiweka kwenye simu ya rafiki, ujumbe ukaja, akanisomea, nikaweka PIN mpya. Folda ya USIFUTE ipo, ina GB 11. Ninainakili kwenye diski ya nje hivi ninavyoandika. Picha zake za sherehe ya unyago wa mdogo wake nazo zilikuwapo kwenye uso wa kioo, nimeziweka kando kwenye fleshi nitakayompa mjomba.

Sasa nimerudi kwenye swali langu la kwanza, kwa kuwa bado mashine inamtambua yeye kama mwenyewe. Niifute, au nifungue tu akaunti nyingine ya kwangu humo humo?

Fundi wa Lindi

Sasa ndiyo ifute, dada, kwa sababu ufunguo wa dharura wa diski ungali kwenye akaunti yake, na hutaki kumwendea mjomba kila fundi anapobonyeza F10. Lakini kabla ya kufuta, fungua baadhi ya mafaili uliyoyanakili, si kutazama majina yake tu. Fungua barua mbili tatu na picha kadhaa kutoka kwenye diski ya nje, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine. Nimewahi kumfutia mteja wa Nachingwea baada ya yeye kunihakikishia kwamba amenakili, kumbe alinakili njia za mkato za folda na si folda zenyewe. Hadi leo nikifika mjini kwao huwa napita barabara ya nyuma.

Tazama pia OneDrive, ile alama ya wingu pembeni chini. Windows 11 hupenda kupeleka vilivyo kwenye uso wa kioo, nyaraka na picha kwenye hifadhi ya mtandaoni ya mwenye akaunti, na nafasi ya bure ni GB 5, kwa hiyo inawezekana karibu nusu ya vitambulisho vya wateja wako viko kwenye akaunti ya kijana. Zima kwanza uhifadhi huo kwenye laptopu, hakikisha nakala yako imekamilika, ndipo umwombe avifute kwa upande wake. Ukifanya kinyume, atakachokifuta kule kinaweza kufutika na hapo kwako.

Baada ya hapo huna haja ya Shift tena. Ingia kwenye "Settings", kisha "System", kisha "Recovery", ubofye "Reset PC" na kuchagua "Remove everything" kwa Windows ya ndani. Iache kwenye chaji na usiizime hata ukiona asilimia zimesimama muda mrefu. Itakapoomba barua pepe, weka ya kwako au ya duka, si ya mtu wa mshahara. Msaidizi ajaye mfungulie akaunti yake ya kawaida isiyo ya msimamizi. Naye kijana akaiondoe laptopu kwenye orodha ya vifaa katika akaunti yake ya Microsoft, akipata muda.

Mwenye Duka, Chikongola (Mtwara)

Imekamilika. Ilichukua saa moja na dakika arobaini, ikasimama kwenye asilimia 64 kwa muda nilioweza kutoa kopi za mitihani ya shule nzima kwa mashine ya jirani. Windows imejitambua yenyewe bila kudai leseni. Printa nililazimika kuipandishia programu yake upya, na fonti mbili za kadi za harusi zimekwenda, lakini barua na picha zote zimefunguka. Kwenye OneDrive ya kijana zilikutwa picha za pasipoti za watu zaidi ya mia, amezifuta tukiwa kwenye simu.

Fundi wa Lindi

Hongera. Bado kitu kimoja. Diski imejifunga tena kwa ufunguo mpya, na ule wa kijana hautafaa tena. Ingia kwenye akaunti yako kwa simu, utafute ufunguo wa BitLocker wa laptopu hiyo, uunakili kwa mkono.

Mwenye Duka, Chikongola (Mtwara)

Nimeunakili nyuma ya buku la madeni la kaunta, mafungu manane, mwanangu akisoma na mimi nikiandika, kisha tukabadilishana ili kuhakiki. Fungu la tano nilikuwa nimekosea tarakimu moja.